Hanyangling, Xi'an: makumbusho ambayo saa moja haiyatoshi

Watalii wengi wanaofika Xi'an hukimbilia jeshi la udongo la Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa kwanza wa China, kisha hurudi hotelini wakiamini kwamba wameiona China ya kale. Makumbusho ya Hanyangling, yaliyo ng'ambo ya mto Wei, karibu na uwanja wa ndege, hayana askari wa kimo cha mtu mzima. Lakini kwa anayetaka kujua watu wa nasaba ya Han, iliyofuata ile ya Qin, walifuga nini, walikunywa nini na serikali yao iliendeshwaje, hapa ndipo pa kwenda.

Makumbusho haya yako kwenye kaburi la Mfalme Jing wa nasaba hiyo, aliyetawala kuanzia mwaka 157 hadi 141 KK. Kilima kilicho juu ya kaburi hakijafukuliwa. Kilichofukuliwa ni baadhi ya mahandaki yanayokizunguka, na ukumbi wa maonyesho umejengwa chini ya ardhi palepale yalipo. Mgeni huvishwa vifuniko vya viatu, kisha hutembea juu ya sakafu ya kioo huku akitazama chini ya nyayo zake safu za ng'ombe, kondoo, mbuzi, nguruwe, mbwa na kuku wa udongo, waliosongamana kama mifugo ya tajiri inayorudi zizini jioni. Sanamu za watu zina kimo cha sentimita 60 hivi, nazo ziko uchi na hazina mikono. Mwenzangu alidhani wezi wamezivunja, kumbe mikono ilikuwa ya mbao na mavazi yalikuwa ya nguo, na vyote vimeoza. Mihuri ya maofisa iliyopatikana humo imewafanya wataalamu waone kwamba mahandaki hayo yaliwakilisha idara za serikali, maana yake mfalme alikwenda ahera na ofisi zake.

Katika mahandaki hayo ndimo pia yalimotoka majani ya chai ambayo uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 uliyathibitisha kuwa na umri wa takriban miaka 2,100. Mchai hupenda joto na mvua za kusini, kwa hiyo majani hayo yalisafirishwa mbali kabla ya kufika ikulu. (Neno letu "chai" nalo asili yake ni huko huko China, ingawa lilipitia kwa Waajemi.)

Utele huo una upande wa pili. Mwaka 156 KK Jing aliweka kodi ya ardhi kuwa fungu 1 kati ya 30 ya mavuno, kiwango ambacho mkulima wa leo angekitamani. Lakini mkulima huyo huyo bado alidaiwa kodi ya kichwa na siku za kazi za lazima. Karibu na kaburi, mwaka 1972, yaligunduliwa makaburi ya wafungwa waliolijenga, baadhi yao wakiwa bado na pingu za chuma shingoni na miguuni. Asiyelijua hilo ataondoka akisifu mbuzi tu.

Kasoro niliyokutana nayo ilikuwa ya wakala wa safari, ambaye simtaji: alituuzia ziara ya "nasaba mbili kwa siku moja", akatupa saa moja hapa na karibu saa mbili katika duka la hariri. Nilirudi peke yangu kwa teksi siku ya tatu, nikakaa tangu asubuhi hadi alasiri, na sikumaliza.