Bia Kali za Ubelgiji Zilizolazwa Katika Mapipa ya Mwaloni: Ipi Ununue Kwanza

Anayeingia duka la bia mjini Brussels au Ghent akiuliza bia kali iliyolazwa pipani huonyeshwa rafu nzima ya chupa zenye vizibo vya gome, nyingi zikiuzwa kwa bei inayozidi mara mbili ile ya bia ya kawaida ya kiwanda kilekile. Nimezinunua kwa miaka kadhaa, nyingine kwa furaha na nyingine kwa majuto, na kipimo changu kimebaki kimoja: bia iwe ilikuwa nzuri kabla ya kuingia pipani, na ikishatoka bado itambulike. Ile inayomfanya mnywaji asikie mbao na wiski tu haistahili bei yake, hata kama chupa inapendeza mezani.

Ni vyema mnunuzi ajue anacholipia. Mbao za mwaloni hupitisha hewa kidogo kidogo, na hewa hiyo, ikifanya kazi kwa miezi mingi, hupunguza makali ya pombe na kuleta ladha ya tende na zabibu kavu. Mbao zenyewe hutoa vanila na, hasa mwaloni wa Marekani, harufu ya nazi. Wala huo si usemi wa wauzaji, kwa kuwa kinachotoa harufu hiyo ni laktoni, jamii ileile ya kemikali inayoipa nazi harufu yake. Juu ya hayo kuna masalia ya kinywaji kilichotangulia pipani, kiwe divai, konyaki, ramu au wiski. Sheria ya Marekani inataka bourbon, wiski yao ya mahindi, ilazwe katika mapipa mapya yaliyochomwa ndani, ndiyo maana mapipa yaliyotumika mara moja huuzwa kwa wingi na kuishia mikononi mwa watengenezaji wa bia. Tena katika vitundu vya mbao hukaa chachu za porini na bakteria, ambao huipa bia ugwadu, wakati mwingine kwa makusudi na wakati mwingine kwa bahati mbaya.

Ugwadu huo ndio unaowashtua wengi, kwa hiyo kabla ya kutumia fedha nyingi nunua kwanza chupa moja ya Rodenbach Grand Cru kutoka Roeselare. Kwa kileo cha asilimia 6 si bia kali, na sikuiweka katika mpangilio wangu, lakini ni shule ya bei nafuu: theluthi mbili zake ni bia iliyokaa takriban miaka miwili katika matangi ya mwaloni yanayosimama wima, marefu kuliko mtu, na kiwanda kina karibu 300 ya namna hiyo. Rafiki yangu wa Kilifi aliinusa glasi yake, akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Huu ni mnazi wa juzi.” Alikuwa sahihi kabisa, maana asidi ya siki inayolikamata tembo lililolala ndiyo hiyohiyo iliyomo humo, ila hapa imezuiwa isivuke mpaka. Ukiipenda Grand Cru, uwanja wote uko wazi kwako. Ukiichukia, chagua zile zisizo na ugwadu.

Ya kwanza kwangu ni Chimay Grande Réserve iliyolazwa pipani, ya asilimia 10.5, inayotoka kwa watawa Wakatoliki wa shirika la Trapisti, katika abasia, yaani monasteri, ya Scourmont. Bia mama ni Chimay ya buluu, ya asilimia 9, inayopatikana katika karibu kila supamaketi ya Ubelgiji, na hilo ndilo linaloipa nafasi hii: unaweza kununua zote mbili siku moja, ukazimimina katika glasi mbili zinazofanana, ukaona kwa ulimi wako pipa limeongeza nini. Kila toleo hutaja pipa lake, na tofauti si ndogo. Mapipa ya konyaki huiacha bia ikinukia matunda yaliyokaushwa na ngozi ya chungwa. Ya ramu huisogeza kwenye sukari guru, na kwa mdomo wangu huwa tamu kupita kiasi inapokaribia mwisho wa glasi. Ukipewa hiari, chukua ya konyaki.

Ya pili, ambayo kwa ubora wa glasi peke yake ningeiweka juu, ni Oerbier Special Reserva ya De Dolle, kiwanda kidogo cha kijiji cha Esen karibu na Diksmuide. Ina asilimia 13 na imelala katika mapipa ya divai ya Bordeaux. Rangi yake ni kahawia inayoelekea wekundu, povu lake ni dogo na huisha upesi. Unapoionja, utamu hufika kwanza, kisha ugwadu wa ukwaju hupita katikati na kuusafisha, na mwishoni unabaki ukavu kidogo unaobana fizi, kama chai iliyokaa sana bulini. Kilichoishusha ni upatikanaji wake, kwa kuwa kuna miezi ambayo hutaiona kabisa, pamoja na tofauti kati ya mwaka na mwaka. Usome mwaka kwenye chupa kabla ya kulipa.

Ya tatu, La Trappe Quadrupel Oak Aged, ni ya Uholanzi, kutoka abasia ya Koningshoeven karibu na Tilburg, ingawa kwa mtindo ni ndugu wa damu wa bia za Ubelgiji. Watawa hao huchanganya bia kutoka mapipa ya aina mbalimbali na kuupa kila mchanganyiko namba yake, hivyo chupa mbili zenye namba tofauti ni kama bia mbili tofauti. Haina ugwadu, na kwa anayeanza na hapendi siki ingeweza kuwa ya kwanza.

Baada yake naweka Pannepot Reserva ya De Struise, nzito, nyeusi na yenye viungo, halafu Straffe Hendrik Heritage ya De Halve Maan mjini Bruges, ya asilimia 11. Kiwanda hicho cha mwisho ndicho kilichofungua mwaka 2016 bomba la bia lenye zaidi ya kilomita 3 chini ya mitaa ya mji mkongwe, jambo lisilohusiana na ladha hata kidogo lakini ambalo siwezi kulipita kimya. Heritage hubadilisha mapipa karibu kila mwaka, na binafsi nimeipenda mara moja kati ya tatu.

Angalia pia mahali chupa iliposimama. Niliwahi kununua moja kwa bei ya punguzo katika duka lililoipanga kwenye dirisha linalopigwa na jua. Nilipoifungua ilinuka karatasi iliyolowana, na punguzo lote likaishia kwenye sinki. Ukubwa nao ni hesabu: chupa ya mililita 750 yenye asilimia 11 ina kileo cha zaidi ya chupa tatu za lager za nusu lita, kwa hiyo kama mko wawili nunueni ndogo. Ihifadhi ikiwa imesimama, gizani, uitoe kwenye friji mapema ifikie nyuzi 12 hivi, kwa kuwa baridi kali huficha kila ulicholipia.

Ya mwisho ni Duvel Barrel Aged, asilimia 11.5, iliyolazwa katika mapipa ya bourbon. Haina kasoro ya utengenezaji. Tatizo ni kwamba Duvel ni bia ya dhahabu, kavu na nyepesi mdomoni, na bourbon inaifunika kama udi unavyofunika harufu ya chai. Ukiletewa zawadi, ipokee, uinywe baada ya chakula katika glasi ndogo, huku chupa ya Duvel ya kawaida iko pembeni ili uone kilichopotea.