TAHADHARI: fundi laptopu mwenye flashi ya bluu, yupo Mwanga na Gungu

Wana Kigoma, hii nimeiandika mara tatu nikaifuta kwa aibu. Leo naiachia, maana jana kaonekana Gungu, yuko kwenye duka la mtu, amekaa kwenye kiti cha mtu.

Laptopu yangu mnaijua, na mnajua kwa nini siwezi kuiuza. Ilikuwa kila nikiiwasha inaleta ujumbe kwamba Windows 10 haihudumiwi tena. Ni kweli, Microsoft waliacha tarehe 14 Oktoba 2025, na huyu kijana aliitaja tarehe hiyo bila kubabaika. Hapo ndipo aliponikamata. Mtu akikuanzia na la kweli, la uongo unalimeza bila maji.

Na hakuja kitapeli. Aliletwa na dada wa saluni hapo jirani, alimtengenezea printa yake na mpaka leo inafanya kazi. Kanisalimia Kiha. Shikamoo hadi kwa bibi aliyekuja kununua mawese. Nikampa elfu mbili ya bodaboda akaikataa: "Mama, tumalize kazi kwanza." Shilingi 45,000, Windows 11 na kila kitu ndani. Ninyi mngemkataa? Msinidanganye.

Sasa sikieni. Yeye kakaa, mimi nimesimama nyuma yake najipepea na kipande cha boksi. Akasema kabla ya kuweka Windows mpya lazima tutoe paswedi zangu zisije zikafutika. Akafungua Chrome, akaingia kule zinakohifadhiwa. Jamani, sikujua ziko nyingi vile! Imeili, Facebook, Instagram, TRA, hadi shule ya mtoto, zimepangwa kama dagaa kwenye kichanja. Akabonyeza pa kuzitoa zote. Windows ikaleta kijidirisha kuuliza PIN.

Yaani mashine yenyewe iliniuliza! Yeye akanigeuzia laptopu, akatazama kalenda ukutani. "Weka mwenyewe mama, PIN ni siri yako." Nikasema moyoni, huyu mtoto kalelewa. Nikabonyeza tarakimu nne kwa kidole kimoja, mkono mwingine nimekinga kama niko ATM. Namficha PIN mtu ninayemfungulia stoo nzima!

Faili ikatoka. Akaifungua kwenye Excel ili nione hakuna iliyopotea: tovuti, jina, paswedi, herufi wazi kabisa, hata zile nyota hakuna. Ya imeili ni jina la marehemu, nikaona haya kwamba kaisoma. Hilo ndilo lililonisumbua, haya! Akainakili kwenye flashi yake ya bluu yenye kamba ya njano. Flashi YAKE. Zangu mbili zipo kwenye droo. Na nikamwongezea elfu tano ya soda.

Windows 11 haikuingia, eti mashine ni ya zamani, atarudi kesho na kifaa. Usiku wa tatu, saa nane, simu ikaleta ujumbe kwamba imeili yangu imeingiwa. Asubuhi ukurasa wangu wa kuuzia dagaa una namba nyingine ya malipo. Wateja wanne walituma. Mmoja wa Mbeya, 320,000, ananidai mimi, na ninamlipa kidogo kidogo. RB ya polisi ninayo, na hiyo namba nimeituma 15040, kule kwa kuripoti matapeli.

Nataka afungwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na gereza la Bangwe si mbali, nauli nitamlipia mimi. Kuna aliyesema tumsamehe ni kijana. Kijana gani anayejua kutazama kalenda wakati mtu anaweka PIN?

Mtoto wa dada, yule wa chuo, ndiye aliyenieleza baada ya kunicheka. Paswedi za Chrome, za Edge, na zile za stoo ya Windows iliyomo Kontro Paneli, zote zimefungwa, ila kinachozifungua ni wewe kuwa umeshaingia kwenye laptopu. Anayekaa hapo ikiwa wazi, au kijiprogramu atakachokiacha, kwa mashine ni wewe. Na ile faili ikishatoka haina kufuli tena. Akaniuliza, alizima antivairasi? Alizima. Nilimwona, nikadhani ndiyo ufundi.

Basi akizima antivairasi, akigusa paswedi, akitoa flashi yake, mtoe nje. Kubadilisha Windows hakuhitaji aone paswedi zako. Kama ameshakufanyia, tumia simu, si laptopu hiyohiyo, na anza na imeili. Mimi kwa hasira nilianza na Facebook, na huku imeili anayo, akabonyeza "nimesahau paswedi", akairudisha mikononi mwake dakika hiyohiyo. Ukishabadilisha, ondoa kwenye akaunti vifaa vyote vilivyoingia, weka uthibitisho wa hatua mbili, yaani paswedi peke yake isitoshe kuingia. Mengine muulizeni huyo mtoto, mimi kichwa kinauma.

Picha yake sina. Yeye zangu anazo zote. Mrefu, mweusi, mpole sana, flashi ya bluu, kamba ya njano. Mkimwona msimpige. Mwekeni kwenye kiti, mpeni soda, mnipigie. Nitakuja na kanga hiyohiyo nitakayokuwa nimejifunga.