JzU ya MEWAKA: nyota tatu na nusu, kwa mwalimu aliyechoka kuitwa kimbelembele

Kwa wasioifahamu, MEWAKA ni Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) huyaandalia moduli pamoja na mfumo wa kujifunzia mtandaoni. Mwalimu hapandi basi kwenda semina mjini. Anakaa na wenzake shuleni kwenye jumuiya ya ujifunzaji (JzU), wanachambua mada inayowasumbua, wanaijaribu darasani, kisha wanarudi kuelezana kilichotokea. Hapa tunapima jambo moja tu: je, huduma hii inamfaa mwalimu mwenye ari ambaye akiingia ofisini na manila mkononi wenzake wanaguna?

Inamfaa, ila si kwa sababu ya moduli. Moduli zinasomeka, na kishikwambi kinatosha kuzifungua, vikiwemo vile vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu. Pakua mapema ulipo na mtandao, ujaze chaji. Kikao kinachoanza kwa kutafuta bando kimeshakufa. Thamani yenyewe iko kwenye ile saa moja ya kukaa pamoja, na ndiyo saa inayoharibiwa kirahisi kuliko vyote.

Upinzani una mizizi, na anayeijua haumii sana. Wa kwanza ni posho. Semina za mjini zilikuwa na nauli na chakula. JzU iko palepale ofisini, baada ya vipindi, mtu ana njaa. Wa pili ni uchovu wa mabadiliko: mwalimu mkongwe ameona mtaala wa 2005, ule wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa 2015, na sasa huu ulioanza kutumika Januari 2024. Akisema "nao huu utapita," hakosi ushahidi. Wa tatu ni woga. Kwa wengi, mtu akikaa nyuma ya darasa na kalamu ni mkaguzi, hata kama siku hizi anaitwa mthibiti ubora. Hakuna hata mmoja hapo unaokuhusu wewe binafsi.

Kosa la kawaida ni kufungua kikao kwa moduli, ukurasa wa kwanza, mmoja anasoma na wengine wanaandika. Mkongwe mwenye miaka 25 kazini anasikia kitu kimoja: kijana amekuja kunifundisha kufundisha. Anza na madaftari. Chukua 10 ya darasa la tatu yenye 52 − 27 ambapo jibu limeandikwa 35, uyaweke mezani useme, "Mwalimu, hebu nisaidieni, huyu mtoto amefikiri nini?" Kila aliyewahi kufundisha hesabu anajua: mtoto ameona 2 haitoshi kutoa 7, akageuza, akatoa 2 kwenye 7. Sasa mjadala ni wa mtoto, na mkongwe ndiye mwenye mifano mingi kuliko wote. Hapo ndipo vijiti vinatoka: mafungu 5 ya kumi na vijiti 2. Fungua fungu moja, vijiti vinakuwa 12. Ondoa 7, vinabaki 5. Kwenye mafungu 4 yaliyobaki ondoa 2. Jibu 25, na watoto wameliona fungu likifunguliwa. Moduli ije baada ya hapo, kurasa mbili tatu zinazogusa kosa hilohilo.

Watu wanne hadi sita wanatosha. Ukingoja ofisi nzima ikubali, utangoja hadi ustaafu. Dakika 60 zisizidi, chai iwepo, Ijumaa na wiki ya mitihani ziepukwe. Mwalimu mkuu aingize kikao kwenye ratiba ya shule ubaoni, ila asikiongoze: akianza na matangazo, hicho ni kikao cha wafanyakazi kilichobandikwa jina jipya. Na picha za ripoti zipigwe mwishoni. (Kuna shule ambazo picha ndiyo JzU yenyewe.)

Kutembeleana darasani kusubiri hadi kikao cha tatu au cha nne, na anayeanza kutazamwa awe wewe mwenye hamu. Anayetazama apewe swali moja la kujibu, kwa mfano: ni watoto wangapi walishika vijiti wenyewe? Asiandike alama.

Ari yako usiifungie kwenye sifa za ofisini. Fanya zoezi la maswali 5 kabla, urudie baada ya wiki mbili, uandike idadi mbili tu kwenye shajala: waliopata kabla, waliopata baadaye. Tuseme 19 kati ya 62, kisha 31. Namba hiyo haihitaji mtu akupongeze, na siku mkuu akiuliza vijiti vina maana gani, utamfungulia ukurasa.

Nyota moja na nusu tumezikata kwa sababu mbili. Kila kitu kinategemea mwalimu mkuu. Asipotoa saa, hakuna JzU. Pia mwalimu pekee wa fizikia shuleni hana wa kuchambua naye somo lake. Huyo atafute mwenzake wa shule jirani kwenye kata, wakutane hata mara moja kwa mwezi.

Kikao cha tatu aongoze mtu mwingine, ikiwezekana yule aliyenuna siku ya kwanza. Ukishikilia uongozi wewe mwenyewe, kitaitwa kikao cha fulani, na siku ukihamishwa kitahama na wewe.