Katz's ya New York: pastrami, tiketi na foleni

Kwa wenye haraka mnaojiuliza kama hii deli, yaani duka la nyama na sandwichi, inafaa: nendeni. Ila usiende umeshiba, na usiende ukidhani ni kosheri, yaani chakula kinachofuata sheria za dini ya Kiyahudi, maana hapo wengi wanakosea, hilo nitalieleza huko chini.

Katz's ipo kona ya East Houston na Ludlow, Lower East Side, Manhattan. Wenyewe wanasema ilianza 1888 ikiitwa Iceland Brothers, huyo Katz kaja kuingia kwenye biashara 1903. Enzi hizo mitaa hiyo imejaa Wayahudi waliotoka Ulaya Mashariki, familia nzima inabanana kwenye chumba na jiko, sasa deli ndio sehemu ya kupata nyama iliyotiwa chumvi, soseji na achari bila kupika, halafu unakutana na watu wanaoongea lugha yako. Pastrami yenyewe, yaani nyama iliyolowekwa chumvi, ikapakwa viungo na kufukizwa moshi, ilikuja na Wayahudi wa Romania, kule walikuwa wanaitengeneza kwa nyama ya bata bukini, wakafika New York wakakuta nyama ya ng'ombe, hasa ya tumbo, ni rahisi kuliko bata, wakahamia huko. Yaani chakula ambacho leo kinaitwa cha New York kabisa kimetokana na mhamiaji anayebana matumizi, na mimi hicho ndicho kinanifanya niiheshimu hii sandwichi.

Utaratibu: ukiingia tu unapewa tiketi. Kila mtu na yake, hata kama hununui kitu. Unaenda kaunta kwa wakataji, jamaa anaandika ulichochukua kwenye tiketi, ukitoka unalipa kwa hiyo tiketi. Ukiipoteza unatozwa dola 50, kwa hiyo usiichezee. Na usikimbilie kukaa kwenye meza za kuhudumiwa, panga foleni kwa mkataji, kwa sababu utamu wote uko pale, anaitoa nyama kwenye mvuke, anaikata kwa mkono vipande vinene, anakuwekea kimoja kwenye kisahani uonje kwanza. Mwachie dola chache za bakshishi jamani, kazi yake ni ufundi sio kubonyeza mashine.

Sasa nyama. Nje ina ganda jeusi la pilipili manga na mbegu za giligilani, ndani ni nyekundu, laini, mafuta yameyeyuka, unaisikia moshi kwanza halafu chumvi halafu pilipili. Wao wenyewe wanasema kuloweka kunaweza kufika siku 30, wakati viwandani wanadunga maji ya chumvi kwa sindano na ndani ya saa 36 wamemaliza, na kiukweli ukila unaelewa huo muda umeenda wapi. Inakuja kwenye mkate wa rai (nafaka jamii ya ngano) na haradali, basi. Usiombe mayonezi, inaua ladha yote. Pembeni kuna achari ya matango ya aina mbili, ile changa yenye ukakasi kidogo na ile iliyoiva ikawa chachu kabisa, mimi nachukua chachu maana inakata mafuta. Mkate ndio sehemu dhaifu, unalowa haraka, kula upesi.

Bei inauma, sandwichi moja inapita dola 20. Lakini ni mlima wa nyama, watu wawili wanashiba.

Kuhusu kosheri. Najua Waislamu wengi wakiwa ughaibuni wakikosa halali wanatafuta kosheri, kwa hiyo sikilizeni vizuri: Katz's ni deli ya mtindo wa Kiyahudi tu. Wanauza sandwichi ya Reuben, nyama na jibini pamoja, kitu ambacho sheria ya kosheri inakataza, tena Ijumaa usiku Sabato imeshaingia wao wako wazi hadi asubuhi. Anayetaka kosheri aende 2nd Ave Deli, ilifunguliwa 1954 na Abe Lebewohl, mtu ambaye mtaa mzima ulimpenda, akauawa 1996 kwenye ujambazi, duka la awali likafungwa 2006 kisha mwaka uliofuata likafunguliwa tena East 33rd Street. Supu yao ya kuku yenye matonge ya matzo (mkate wa Kiyahudi usiotiwa chachu) naipenda kuliko ya Katz's, nasema wazi.

Na nendeni mapema, sio mapema ya saa tu, namaanisha mapema ya miaka. Stage Deli ilifungwa 2012, Carnegie Deli ikafuata mwisho wa 2016, hizo zilikuwa majina makubwa. Wajukuu wa wale wahamiaji walihamia vitongojini, kodi ikapanda, nyama ya kukatwa ikajaa supamaketi. Katz's imepona kwa kuwa jengo ni lao, na hata haki ya kujenga juu ya paa lao waliiuza ili wapate hela ya kuendelea kukaa palepale. Jumamosi mchana foleni inatoka hadi barabarani, chagua siku ya kazi asubuhi, beba pesa taslimu za bakshishi, na ukiulizwa nyama iwe ya mafuta au kavu sema ya mafuta.