Mashine ya leza ya faiba ya kuchora chuma: kabla ya kulipa, kagua pembe

Wasomaji wenye karakana za ngao, pete na vibao vya majina wananiletea lalamiko lilelile. Mashine ni mpya, ya wati 20, herufi za katikati zinatoka safi, lakini pembeni kila mstari una kivuli. Muuzaji anasema lenzi ni chafu. Lenzi inafutwa, hata kubadilishwa, na kivuli kipo palepale.

Wati, ukubwa wa meza na programu siviandiki hapa, hayo utayasikia duka lolote. Nataka tuongelee wigo wa mwanga, yaani mtawanyo wa urefu wa mawimbi yake, kwa sababu hakuna anayeuuliza na ndiko hela za watu zinakopotelea.

Leza hizi hutoa mwanga wa nanomita 1064 hivi, na lenzi imetengenezwa kwa ajili ya mwanga huo. Wati 20 ni wastani tu. Ukichora kwa kilohezi 20, yaani mapigo 20,000 kwa sekunde, kila pigo la mwanga linabeba milijuli 1. Pigo hilo likidumu nanosekunde 100, nguvu yake ya kilele inafika kilowati 10, na zote zinapita kwenye kiini cha faiba (uzi wa kioo unaobeba mwanga) chembamba kuliko unywele. Hapo kioo chenyewe kinaanza kuubadilisha mwanga. Wigo unatanuka, na sehemu yake inaweza kuhamia karibu na nanomita 1116 kwa mtawanyiko ule wa mwanga alioutangaza mwanafizikia C. V. Raman nchini India mwaka 1928. Nguvu ya kilele ikipanda, faiba ikirefuka au kiini kikiwa chembamba zaidi, tatizo linakua. Kwa hiyo kebo ndefu ya faiba isikuvutie.

Mwanga uliohama, lenzi huupinda pungufu kidogo. Kwa lenzi ya kawaida yenye urefu wa fokasi wa milimita 160, isiyosahihishwa kwa tofauti za rangi, mwanga huo unaangukia takriban mikroni 70 nje ya nukta halisi ukifika ukingoni mwa eneo la milimita 110. Kivuli chako ndicho hicho. Katikati hakionekani, na sampuli za dukani karibu zote zimechorwa katikati.

Dai jaribio hili: herufi ndogo kwenye pembe nne za kibao cha stenlesi, kwanza kwa kilohezi 20, kisha 80, wati zilezile. Ya pili itatoka hafifu kwa kuwa kila pigo lina robo ya nishati, hilo lisikushtue. Angalia kivuli kwa lenzi ya kukuzia. Kama kinavutika kuelekea nje tu, na kwenye 80 kimetoweka, ni wigo. Ukungu wa pande zote ni fokasi, au meza haijalala sawa.

Sasa chanzo cha leza, yaani kifaa cha ndani ya mashine kinachotoa mwanga. Namba moja kwangu ni JPT M7, ya aina inayoitwa MOPA, na upendeleo wangu siufichi. Unachagua mwenyewe urefu wa pigo, kuanzia nanosekunde chache hadi mia kadhaa. Kivuli kikijitokeza unarefusha pigo, kilele kinashuka, kazi inaendelea. Juu ya hapo unapata weusi mzuri kwenye alumini iliyotiwa anodi (anodized) na rangi kwenye stenlesi.

Ya pili, vyanzo vya Raycus au MAX vya aina ya kyuswichi (Q-switch). Urefu wa pigo huuchagui, unacheza na kilohezi na nguvu tu. Kwa namba za vipuri na vibao vidogo vinavyokaa katikati ya meza, zinatosha kabisa.

IPG ya Marekani naiweka ya tatu kwa sababu ya bei tu. Karakana ndogo hairudishi hela hiyo haraka.

Zile ambazo chanzo chake hakina jina, ziache.

Kinachoniudhi hasa ni namna tunavyouziwa. Bei haiandikwi, unaambiwa uje inbox, na huko inategemea umeonekana una haraka kiasi gani. Nimeuziwa mashine yenye stika ya chapa maarufu kwenye boksi la nje, ndani chanzo ni cha kampuni nyingine. Karatasi ya vipimo nilipoiomba, nilitumiwa picha ya mashine. Na mtu huyo anataka nusu ya malipo kabla mzigo haujaondoka China!

Risiti iandikwe modeli na namba ya chanzo cha leza, na upana wa wigo kwa nanomita. Kifuniko kifunguliwe mbele yako usome lebo ya chanzo. Akikataa, usilipe hata kianzio.