Laifu jaketi ya kuendea kayaki na kempu: ipi ununue kwanza, ipi uiwache dukani

Kila mara watu wakipanga kwenda kupiga kempu na kayaki naona hela ya kwanza yaenda kwa hema, ya pili kwa nyama na makaa, halafu laifu jaketi yaambiwa "tutakodi huko huko". Jamani geuzeni hiyo hesabu. Hema waweza kuazima kwa jirani, hata likivuja utaamka umelowa na ndo basi, lakini jaketi ikikuangusha hakuna asubuhi ya kulalamika.

Mwaka jana tulienda watu sita Mtwapa kriki, ule mkono wa bahari kaskazini mwa Mombasa, kulala usiku mmoja tu, jaketi za kukodi. Yangu napewa nasikia nzito kuliko inavyofaa, nikaibinya pale mshono wa kwapani, wallahi ikatoa maji ya rangi ya chai. Sponji ndani ishamumunyuka kama mkate uliolowekwa. Siku hiyo sikupanda kayaki, na niliporudi nikaanza kutafuta yangu, nikauliza wavuvi, nikajaribisha za marafiki, na hivi ndivyo nazipanga mimi.

Ya kwanza: vesti ya kupigia kafi, ile ya sponji isiyonyonya maji. Ni fupi kiunoni, kwapani imekatwa pana, na mgongoni sponji imepanda juu ili isigombane na kiti cha kayaki. Lebo yake mara nyingi yasoma 50N (N ni nyutoni, kipimo cha nguvu ya kukuelesha), za Marekani karibu 70N, na hiyo 50N ni kama kilo 5 za kukuinua, mtu mzima anayejua kuogelea zamtosha kubaki kichwa juu. Naiweka ya kwanza kwa sababu moja kubwa: hutaivua. Jua la saa saba kwenye mikoko ya Tudor, hakuna upepo, mtu amevaa jaketi nene inamkwaruza mikono kila akivuta kafi, atakaa nayo nusu saa halafu aivue aikalie, na jaketi iliyokaliwa haiokoi mtu. Lakini ujue kwamba hii haikugeuzi uso juu ukipoteza fahamu, ni ya mtu anayeogelea na mwenye wenzake karibu.

Ya pili, na kwa watoto na wasiojua kuogelea hii ndo ya kwanza bila mjadala: ile nene yenye kola nyuma ya shingo, 100N kwenda juu. Kola ile ndo yakushika kichwa na jaketi imetengenezwa ikulaze chali. Ni jasho, nakubali, na kupiga kafi nayo kwachosha, lakini mtu asiyeogelea hana haja ya wepesi. Ya mtoto soma kilo kwenye lebo na umpime kwa kilo zake za leo, usimnunulie ya kukulia kama unavyofanya sare ya shule. Mtoto mwembamba hupenya chini jaketi ikabaki yaelea peke yake. Hakikisha ina mkanda wa kupita katikati ya miguu, ikiwa hauna rudisha.

Ya tatu ni zile za kujaa upepo zenye mtungi mdogo wa gesi. Ni nyembamba kama mkanda wa begi, zapendeza, nyingi ni 150N, na kwa baharia wa boti kubwa ni nzuri kweli. Kwa kayaki mimi sizipendi. Zile za kujifungua zenyewe zaweza kujaa ghafla kwa maji tu ya kurukiwa, na ikishajaa wahitaji mtungi mpya, sasa uko kempu Mida kriki Jumapili mtungi wautoa wapi? Na ile ya kuvuta kamba yataka mtu mwenye akili timamu wakati huo huo mtumbwi umempindukia.

Maboya ya mkononi ya watoto, ringi za kuogelea, madumu yaliyofungwa kamba, hizo sizipangi kabisa. Ni za kuchezea pale maji ya magotini.

Mtumba je? Mimi sikatai mtumba, lakini ukiiona binya kila upande, sikiliza kama sponji yavunjika ndani, vuta mikanda kwa nguvu zako zote, angalia lebo kama yasomeka. Kitambaa kilichopauka kikawa cheupe jua lishakila, kiwache. Na rangi chagua chungwa au manjano, hizi nyeusi na bluu zapendeza kwa picha tu, kichwa cha mtu kwenye maji ya jioni hukioni.

Najua kuna atakayesema mimi mtoto wa pwani nimezaliwa na maji. Feri ya Mtongwe Aprili 29, 1994 ilipinduka karibu na ufuo na watu 272 wakafariki, watu wa Mombasa hii hii. Na kriki zetu zina mkondo: siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, yanajaa mishale ya saa kumi na kupwa mishale ya saa nne, na yakianza kutoka kriki ya Tudor mengi yapita ule mlango mwembamba chini ya daraja la Nyali kuelekea bahari kuu. Hapo kuogelea kwako hakushindani na maji. Msimu wa kusi uongeze na upepo juu yake. Kwa hivyo panga safari maji mafu, zile siku maji hayapandi wala kushuka sana, ingia na maji yanayojaa, na Kilindini kwenye njia ya meli usiende kabisa.

Kujaribu, dukani funga klipu zote, kaa kwenye kiti kama uko kayaki, halafu mwenzako akuvute kwa mabega kwenda juu. Ikifika masikioni ni kubwa, kaza au badilisha. Ukishanunua nenda nayo ufuo wa Pirates asubuhi maji yakiwa yametulia, ingia mpaka kifuani, inua miguu, legea kabisa. Kidevu kikiwa juu ya maji bila wewe kupiga mikono, hiyo ni yako. Funga firimbi kwenye zipu, ukirudi nyumbani ioshe kwa maji baridi ya bomba na uianike kivulini, mbali na jua.