Miwani kwa karatasi ya kompyuta, Ngamiani

Naandika hasira haijanitoka. Duka la miwani Ngamiani, Tanga, majuzi tu kabla shule hazijafunguliwa. Mtoto wa miaka 9, jicho la kulia, mashine ile ile ya kompyuta ya kupima macho (otorefrakta), ndani ya dakika mbili: dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) -1.75, -2.50, -2.25, hasi ikiwa ya asiyeona mbali. Kijana akachana karatasi, akaandika -2.25, akaanza kutuonyesha fremu. Nikamwomba amvalishe kwanza fremu ya majaribio asome ubao. "Shangazi, kompyuta haikosei."

Inakosea, na sababu zinajulikana. Vipimo vya jicho moja vikipishana hivyo, jicho halikutulia. Mtoto anajua lile boksi liko puani pake, basi lenzi ya ndani ya jicho inajikaza kama ya mtu anayesoma kitabu, na namba inakimbilia kwenye hasi. Picha ya ndani ya mashine hufifishwa makusudi ili jicho lilegee, lakini kwa watoto mara nyingi haitoshi. Dawa yake ni saiklopentoleti ya asilimia 1, ya kulegeza lenzi hiyo: tone moja, la pili baada ya dakika 5, usubiri dakika 30 hadi 40 ndipo upime.

Halafu kiti. Kilikuwa kifupi, paji la uso halikugusa utepe, kichwa kimelala upande. Kichwa kikilala nyuzi 10, aksisi (mwelekeo) ya silinda, ile sehemu ya lenzi inayorekebisha astigmatizimu, nayo inahama 10, na theluthi ya kazi ya silinda imepotea. Ikihama 30, haisaidii kitu. Afadhali usiiweke kabisa.

Kwingine, mtoto huyo huyo, kwa tone lile na retinoskopu (kurunzi ya mkononi ya kusoma mwanga unaorudi kutoka ndani ya jicho): -0.75. Chumba cha giza, umbali wa sm 67, unatoa 1.50 kwenye namba uliyopata kwa ajili ya umbali huo, ukisogea hadi sm 50 unatoa 2.00. Basi. Tofauti ya dayopta 1.50! Kwa miwani ya duka lile angekaza macho kutwa darasani, kichwa kinamgonga, halafu aambiwe mvivu wa kusoma.

Nikitulia nakiri kwamba retinoskopu nayo ni mkono wa mtu: ukikosea umbali umekosea namba. Na kwa mtu wa miaka 50 kwenda juu, ambaye lenzi ya jicho imeshakakamaa, otorefrakta kama ile ni mwanzo mzuri, mara nyingi haipishani na ukweli zaidi ya 0.50. Kwa hilo nilikuwa nimewapa nyota tatu.

Lakini nilimwuliza mara ya mwisho waliikagua lini kwa lile jicho la mfano linalokuja na mashine. Hakujua kama lipo. Pwani hii ya unyevu na chumvi, kamera iliyofungiwa kabatini inaota ukungu kwenye kioo, sembuse mashine ambayo dirisha lake halifutwi! Nyota mbili.

Na ile "haikosei" aliirudia wakati tunatoka, kwa sauti, mbele ya mtoto. Moja.